Sharti la Nne

Faili lilikuja na karatasi yake,
mistari saba, herufi kama mbu.
Nikabonyeza NIMEKUBALI
kama mtu anayeitikia hodi
bila kuinua uso kwenye sahani.

Elfu kumi na tano nilituma kwa simu,
asumini zikashuka kwenye kompyuta yangu
hapa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya fundi cherehani na muuza betri:
maua ishirini na manne, vikonyo, vitawi,
na kichaka kimoja kilichojikunja
kama kinavyojikunja kwenye kiganja cha bi harusi
piko ikiwa bado mbichi.

Shekuwe alitaka mfuko wa mkate.
"Kitu cha kwetu," alisema, "kisinuke Dar."
Nikachukua asumini moja, nikaizungusha kidogo,
nikaipaka rangi ya siagi,
chini nikaandika MPYA! kwa wekundu.
Akauliza, "Ua kachora nani?"
Nikasema, "Langu."
Silabi mbili. Hazikunikwama popote.

Mkate ukatembea.
Makorora, Mikanjuni, Pongwe kwenye vumbi la saruji,
ukapanda Muheza, ukalala Korogwe.
Mfuko ukawa kofia ya mtoto kwenye mvua,
ukafunga vitumbua, ukaziba nyufa za dirisha,
ukaelea mtaroni, ua likitazama juu.
Nikawa naliona kila mahali
na kila mahali nilijipongeza.

Jumanne, baada ya alasiri, akaja mwanamke.
Sikuwahi kufikiri kwamba mistari ile saba
ina kucha zenye weusi wa piko,
ina mtoto anayevuta buibui, anataka maji.
"Mimi Mwanamkasi," akasema,
akatoa mfuko uliokunjwa mara nne, kama barua.
"Hesabu petali."

Nikahesabu. Sita.
"Asumini ya uani kwangu ina tano.
Huyu hapa alinivuta kiwiko nikichora,
ikatoka ya sita. Ningeweza kuifuta.
Nikaiacha: labda siku moja nitakataliwa,
ije inishuhudie."

Nilitaka kusema ua ni ua,
nani ana hati ya asumini,
si linapanda kila ua wa nyumba hapa mjini?
Alinipa nafasi niyaseme.
Nikayarudisha, kama fundi
aliyepima kitambaa akakuta hakitoshi.

"Umepanga, au unakaa kwako?"
"Nimepanga. Chumbageni."
"Basi unajua. Mimi nilikupangishia chumba.
Wewe umepangisha nyumba nzima,
ukumbi, uani, na choo,
na juu ya mlango umebandika jina lako.
Soma la nne."

Nikalitafuta. Mara ya kwanza kulisoma,
na nililisoma kwa sauti, mbele ya mwenyewe:
*Nakala zikizidi mia tano, njoo tuzungumze.*

Nilitegemea faini. Nilitegemea mahakama,
maneno yaliyovaa tai.
Sikujua sharti linaweza kusema njoo.

Alikuwa na kikokotoo mkobani.
"Mifuko mingapi?"
Ulimi ulikuwa tayari kwenye elfu kumi.
Mtoto akapiga chafya.
"Thelathini na nane elfu," nikasema.
Hakubonyeza namba hata moja.
"Na mwenye mkate, anajua?"

Usiku huu naendesha baiskeli kwenda tanurini.
Harufu ya hamira imenipokea relini,
kabla ya taa, kabla ya mbwa.
Mfukoni nina karatasi, mistari saba,
nimeichapa kubwa, kila herufi na mwili wake.
Njiani najifunza neno.
Lake. Si langu, lake.
Silabi mbili vilevile,
na kila tuta linanirudisha mwanzo.

Shekuwe yuko mlangoni, unga hadi viwikoni,
anafungua mikono yote miwili:
"Msanii wangu!"